Unataka kutoga? Angalia kalenda kwanza

Mtu akiniambia anataka kutoga pua au sikio swali la kwanza huwa "inauma?" na la pili "shilingi ngapi?", na mi najibu inauma ndio, ila ni sekunde mbili tatu hivi, ukitoga pua machozi yatakutoka tu hata kama hulii, afu basi imeisha. Ambacho hawaulizi ni ile miezi inayofuata, na kusema ukweli maandalizi yote ni ya hiyo miezi. Pua inachukua kama miezi 4 hadi 6 kupona kabisa, ile sehemu ngumu ya juu ya sikio miezi 6 mpaka mwaka, kitovu hivyo hivyo na wengine kinazidi mwaka, nyama laini ya chini ya sikio ndo nafuu, wiki 6 mpaka 8 umemaliza. Na usidanganywe na nje kukauka, nje kunapona mapema ndani bado kidonda.

Kwa hiyo kabla hujamtafuta fundi, fungua kalenda ya simu. Una safari ya Zanzibar au Kilwa ya kuogelea mwezi ujao? Subiri urudi, maji ya bahari na swimming puli na tundu bichi havipatani. Unataka upendeze kwenye harusi ya dada yako na kipini? Toga miezi kadhaa kabla, wiki moja kabla utaenda harusini na pua nyekundu imevimba na mepikapu huwezi kupaka hapo. Ramadhani inakaribia? Kutoga huku umefunga sikushauri, ukiwa na njaa sukari iko chini ni rahisi sana kuzimia kwenye kiti, na fundi wengine wakijua hujala wanakurudisha nyumbani kabisa.

Halafu nywele. Hii wadada wengi hawaifikirii. Kama unatoga sikio, suka kwanza. Yaani nenda saluni umalize kila kitu, rasta, twende kilioni, dawa, drayer, chochote, ukae siku kadhaa ngozi ya kichwa itulie, ndo uende kutoga. Ukifanya kinyume utakaa masaa sita msusi anavuta nywele karibu na kidonda, gel inaingia, mafuta yanaingia, kitana kinanasa, na msusi wetu wa mtaani tunamjua, akiwa anapiga stori hana habari na sikio lako. Na kama kila siku unapanda bodaboda na unavaa helmeti, fikiria mara mbili kutoga juu ya sikio, ile helmeti imevaliwa na abiria wote wa leo na wa jana, inabana sikio, unaivua kwa haraka kituoni, hereni inabaki ndani ya sponji. Bora pua.

Sasa na pua nayo ina mambo yake. Kwa sisi tunaoswali, pua inagusa chini kila sijda, na kwenye udhu unavuta maji puani, kwa hiyo wiki za mwanzo unajifunza kushuka taratibu na unatandika mswala wako mwenyewe uliofuliwa, sio ule wa ofisini unaokaa nyuma ya mlango. Chagua na upande usioulalia. Watu wanabishana kushoto au kulia maana yake nini, mi naona swali la maana ni unalala umeelekea wapi.

Hijabu na sikio la juu ni vita vingine. Mtandio wa kitambaa cha jezi unateleza vizuri, lakini ile shifoni yenye nyuzi nyuzi na zile za kusuka zinanasa kwenye kijiwe, unavua kwa mazoea jioni umechoka, unavuta, unaona nyota mchana. Kama umeamua lazima utoge hapo, nunua kofia ya ndani ya pamba, laini, isiyobana, uivae chini ya mtandio na uibadilishe kila siku, na pini zote za hijabu zihamie upande wa pili. Na kitovu je? Kama unavaa shanga kiunoni, hizo shanga zinapanda na kushuka ukikaa na ukiinuka, zinasugua palepale, suruali ya jinzi ya kiuno kirefu nayo hivyo hivyo. Itabidi uchague moja kwa mwaka mzima. Ulimi sitausema sana kwa sababu sijawahi kuutamani, ila ujue unavimba sana siku za mwanzo, kwa hiyo unawekewa kijiti kirefu kwanza halafu unarudi kuwekewa kifupi, na kile chuma kinagonga meno na kula fizi taratibu, daktari wa meno yeyote atakwambia.

Tukiingia kwenye mwili wako wewe, kuna kitu kimoja nataka ukifanye leo. Kunja mkono wa blauzi uangalie begani, pale ulipochanjwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, ukiwa mtoto mchanga. Karibu wote tuna hiyo alama. Kama ni kidoa kilichobonyea au bapa, sawa. Kama kimeota, kimenyanyuka, kinang'aa, kimekuwa kikubwa kuliko kidonda chenyewe kilivyokuwa, kinawasha kikitaka, hiyo ni dalili kwamba ngozi yako inaota keloidi, na hapo kaa chini ufikirie upya. Angalia na makovu mengine, pale ulipoanguka, ulipofanyiwa operesheni, vipele vya kidevuni au kifuani kama viliacha makovu ya kunyanyuka. Uliza nyumbani pia, mama, shangazi, kaka zako, kwa sababu keloidi inatembea kwenye ukoo na sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi, na masikio, kifua na mabega ndo sehemu inazozipenda. Kuna wadada wana keloidi nyuma ya sikio kubwa kama njugu mawe, ukikata bila matibabu mengine inaweza kurudi kubwa kuliko mwanzo. Kama iko kwenye familia muone daktari wa ngozi kwanza, na kama yeye anasema usitoge basi kuna hereni za kubana, siku hizi zimetengenezwa vizuri huwezi kujua.

Ila tusichanganye mambo. Wiki ya tatu ukiona kauvimbe kadogo kama kachunusi pembeni ya tundu, hiyo mara nyingi sio keloidi, ni ngozi imekasirika, umeilalia, umeigonga na taulo, au hereni yenyewe mbovu. Ukiondoa kinachoikera kanapungua kenyewe. Keloidi haipungui, inavuka mpaka wa kidonda na kuendelea kukua. Nimechoka na watu wanaopaka vitunguu saumu na dawa ya mswaki kwenye kauvimbe wakidhani wanaua keloidi, wanaiunguza ngozi tu.

Kingine ni homa ya ini B. Hiki kirusi kinaambukizwa kwa damu na kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwa hiyo kifaa kilichofutwa tu na pamba sio kifaa safi. Watoto wa siku hizi wanachanjwa wakiwa wachanga, ila sisi wakubwa tuliozaliwa kabla ya miaka ya 2000 wengi hatukuipata. Nenda kapime, ukiwa huna unachanjwa dozi 3, ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Faida yake haiishii kwenye kutoga. Na kama una kisukari, tatizo la moyo, unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au una mimba, ongea na daktari kwanza, kitovu cha mjamzito hata usiulize.

Haya, fundi.

Hapa ndo nina maneno mengi. Mjini kuna sehemu mbili tatu za kutogwa, kuna maduka ya urembo na vibanda wanaotumia kile kibastola cha kutogea, kuna masonara wachache bado wanatoga, kuna manesi wanafanya pembeni, na kuna studio za tatuu ambazo zina fundi wa kutoga. Kibastola ndo kimejaa kwa sababu ni haraka na rahisi. Shida yake ni hii, hereni yenyewe ndo inayotoboa, na hereni haina makali, kwa hiyo springi inaisukuma kwa nguvu ipasue njia. Kwenye nyama laini ya chini ya sikio mwili unavumilia. Kwenye gegedu, yaani ile sehemu ngumu ya juu ya sikio, na kwenye pua, hapana. Halafu kibastola kingi ni cha plastiki, hakiwezi kuingia kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke wenye presha inayofika nyuzi 121 na zaidi, kitayeyuka. Kinafutwa na spiriti, anakuja mwingine. Na kijiti chake ni kifupi na kile kikofia cha nyuma kinabana mpaka mwisho, sikio likivimba halina pa kwenda, limemeza hereni.

Binamu yangu alitogwa juu ya sikio na hicho kitu kwenye kibanda kimoja, sitataja wapi. Siku ya nne sikio lilikuwa jekundu, moto, limesimama mbele kama limevutwa, halafu cha ajabu ile nyama ya chini ilikuwa kawaida kabisa, haijavimba hata kidogo. Daktari alipoona hivyo tu akajua ni gegedu limeingia wadudu. Akatueleza kwamba gegedu halina mishipa yake ya damu, linakula kupitia utando uliolizunguka, kwa hiyo dawa inafika kwa tabu na usipowahi linaoza na sikio linajikunja. Binamu yangu aliwahi lakini mpaka leo sikio lake ukiligusa lina mkunjo ambao haukuwepo.

Na sio sisi tu. Mwaka 2000 huko Oregon, Marekani, kuna watu waliugua hivyo hivyo baada ya kutogwa juu ya sikio na kibastola kwenye kibanda cha hereni, bakteria wenyewe wanaitwa Pseudomonas aeruginosa, na wachunguzi walipofuatilia wakakuta wadudu wako mpaka kwenye chupa ya dawa ya kupulizia waliyokuwa wanasafishia. Dawa ya kusafishia ndo ilikuwa chafu! Baadhi walifanyiwa operesheni. Kwa hiyo mtu akikwambia "usiwe na wasiwasi dada nimepulizia dawa" we endelea kuwa na wasiwasi.

Unachotaka ni sindano. Ni sindano yenye tundu katikati, kali, inatumika mara moja na kutupwa, wengine wanatumia kanula ile ya hospitali, nayo sawa kama ni mpya na anajua anachofanya. Nenda siku moja kabla, usiende na nia ya kutoga siku hiyo hiyo, nenda kama mteja anayeuliza. Salamu, kaa, angalia. Muulize kaka samahani, vifaa unasafishaje? Fundi mzuri hakasiriki, tena anafurahi, anakuonyesha otoklevu na zile pakiti za karatasi na plastiki ambazo zina alama inayobadilika rangi zikishapita kwenye joto. Akikwambia "nachemsha kwenye birika" shukuru, ondoka. Angalia ana ndoo ya sindano zilizotumika, ile boksi ya njano kama ya hospitali. Angalia kama ananawa mikono na anabadilisha glavu au anashika simu na glavu halafu anarudi kwenye sikio la mtu. Hii ya simu iangalie sana. Na muombe picha za kazi zilizopona, sio zilizotogwa jana, jana kila mtu anapendeza.

Mara ya mwisho nilimsindikiza mdogo wangu na nikapenda alivyofanyiwa. Fundi akanawa, akavaa glavu, akasafisha pua, akaweka nukta na kalamu ya zambarau, akampa kioo. Mdogo wangu akasema sawa. Fundi akamwambia "hapana, simama wima, sasa cheka." Akacheka, nukta ikapanda ikaingia kwenye mkunjo wa pua. Fundi akafuta, akashusha kama milimita moja na nusu, akasema cheka tena. Ndo akavua zile glavu, akavaa nyingine, akafungua sindano mbele yetu, pakiti ikalia chwaa. Vuta pumzi, toa, na katikati ya kutoa ikawa imepita. Chozi moja upande huo huo wa pua. Kwa hiyo we ukiwekewa nukta usione aibu kusema futa uweke tena, hiyo nukta utatembea nayo.

Kipini au hereni yenyewe ya kuanzia, hapa wengi tunabana hela pasipo pa kubana. Kidonda kibichi kinataka titaniamu ya daraja la kupandikizwa mwilini, kwenye maelezo utaona imeandikwa ASTM F136, au dhahabu ya kweli ya karati 14 hadi 18 isiyo na nikeli. Ile ya Dubai ya karati 21 au 22 aliyokuachia bibi ni nzuri ila ni laini, inachubuka, na mikwaruzo inakwaruza ndani ya tundu, iweke mpaka upone. Silva 925 hapana, silva kwenye kidonda inaingia kutu na inaweza kukuachia alama nyeusi ndani ya ngozi ambayo haitoki. Za kupakwa rangi ya dhahabu zinabanduka. Na zile "stenlesi" za kwenye kadi hamsini kwa bei ya jumla Kariakoo hakuna anayejua zina nini, nyingi nikeli imo, na nikeli ndo inayofanya watu waseme "mi masikio yangu yanakataa hereni". Masikio hayajakataa hereni, yamekataa nikeli. Pua anza na kipini cha kunyooka chenye kikofia bapa ndani, ringi baadaye, ringi inazungukazunguka na kila ikizunguka inaingiza uchafu.

Bibi yangu wa Tanga alitogwa kwa mwiba wa mlimao, akapitishiwa uzi wenye mafuta, halafu wakamwekea kijiti cha chelewa kilichokatwa kidogo tundu lisizibe, na kila siku anakizungusha. Masikio yake yalipona vizuri sana, na kila nikimwelezea mambo ya otoklevu ananitazama kama nimechanganyikiwa. Ila ukimuuliza vizuri anakwambia kuna wenzake wawili ambao yao yalioza. Na kuzungusha ndo kitu ambacho leo hatufanyi tena, kuzungusha kunachana kile kinachojaribu kujiziba.

Kabla ya siku yenyewe pita famasi. Nunua normal saline, ni maji ya chumvi safi, sodiamu kloraidi asilimia 0.9 na isiwe na kitu kingine kwenye lebo, pamoja na gauzi. Pamba acha, inaacha nyuzi. Mara mbili kwa siku unalowesha gauzi, unaweka hapo, ukoko unalainika, unafuta taratibu, unakausha. Mimina ya kutosha kwenye gauzi, usichovye chupani, na chupa ikishafunguliwa isikae mwezi mzima mezani. Spiriti, Dettol, haidrojeni peroksaidi, mafuta ya nazi, majivu, bizari, vyote viache jikoni na kabatini. Fua foronya mbili tatu za kubadilisha. Kioo cha simu nacho kisafishe kama unatoga sikio.

Siku ya kutoga kula chakula cha maana, sio chai na andazi moja, ugali au wali, masaa mawili hivi kabla. Kunywa maji. Pombe usiguse tangu jana yake, na aspirini pia kama hujaandikiwa na daktari, vyote vinafanya damu itoke zaidi. Nguo ya vifungo mbele, ukitoga sikio au pua hutaki kuvua fulana kwa kichwani jioni hiyo. Kama una mafua, ahirisha, kupenga kamasi na kipini kipya ni mateso ya kujitakia. Umri chini ya miaka 18 nenda na mzazi, na fundi asiyeuliza umri mi simwamini.

Siku chache za mwanzo kuwa na wekundu kidogo, uvimbe kidogo na maji meupe yanayokauka kuwa ukoko ni kawaida. Usaha wa njano au kijani wenye harufu, joto linalozidi badala ya kupungua, wekundu unaotambaa, homa, hiyo ni hospitali, na usiitoe hereni mwenyewe kabla hujaonwa, tundu linaweza kuziba juu usaha ukabaki ndani.

La mwisho nyumbani na kazini. Mama yangu mimi alisema tu "pua yako, kamasi zako", nikashukuru Mungu, ila kuna nyumba ambazo ni kikao cha ukoo. Kazini muulize mtu wa rasilimali watu kabla, benki na hoteli nyingine zina masharti, shule ndo usiseme, na usitegemee kwamba utakuwa unaitoa asubuhi na kuirudisha jioni, tundu bichi la pua linaweza kuziba ndani ya masaa. Kama wanasema isionekane, muulize fundi kama ana kipini cha glasi isiyo na rangi ambacho unaweza kuanza nacho siku hiyo hiyo, kwa mbali hakionekani, na kama hana, subiri likizo ndefu au tafuta fundi mwingine.